MUME WA BINTI YETU NI MGENI MPAKA LINI?

Na Mwandishi Wetu, Songea

Ndugu wananchi, leo tunataka kusema jambo ambalo wengi wetu hapa Songea tunalijua, tunalinong'ona barazani na vilabuni, lakini mbele ya wakubwa tunalimeza. Jambo lenyewe ni hili. Mwanamume wa Tanzania akioa mke kutoka nchi ya nje, Sheria inampokea mke yule kwa mikono miwili. Lakini mwanamke wa Tanzania akiolewa na mume kutoka nchi ya nje, Sheria inamtazama mume yule kama mpita njia, hata akizaa watoto kumi, hata akizeeka hapa, hata akizikwa hapa.

Tunauliza: je, binti zetu ni raia nusu?

Msomaji asidhani tunatunga. Katika mtaa wetu yupo fundi seremala mmoja, mtu mzima sasa mwenye mvi. Alivuka mto Ruvuma akiwa kijana, akikimbia vita vya Renamo vilivyokuwa vikiteketeza vijiji vya Msumbiji. Alipokewa kama walivyopokewa maelfu ya wenzake waliokuja mkoani kwetu miaka ile. Mapatano ya amani yalipotiwa sahihi Roma tarehe 4 Oktoba 1992, wenzake wakaanza kurudi kwao. Yeye hakurudi, maana alikwisha oa binti wa hapa, na mtoto wa kwanza alikwisha zaliwa. Tangu wakati huo amechonga milango ya nusu ya nyumba za mtaa. Madawati ya shule ya watoto wetu kayatengeneza yeye. Msiba ukitokea, jeneza analitengeneza yeye, na mara nyingi hadai hata senti moja.

Mtoto wake mmoja alipofikisha miaka 18 alikwenda katika ofisi moja kushughulikia karatasi zake. Bwana wa mezani akamwuliza:

"Kijana, baba yako kazaliwa wapi?"

"Msumbiji, mzee."

"Basi wewe si wa hapa. Kalete karatasi za baba yako."

"Lakini mzee, mimi nimezaliwa hapa hapa Songea. Mama yangu ni wa hapa, na babu mzaa mama kazikwa Peramiho."

"Sikukuuliza habari za mama. Nimekuuliza habari za baba."

Kijana akarudi nyumbani, akaketi kimya. Mama yake alipopata habari alisema neno moja tu: "Kumbe mimi sikuzaa, nilibeba mzigo wa mtu." Ndugu zangu, neno hili lilituchoma moyo, na ndilo lililotufanya tushike kalamu.

SHERIA INASEMAJE?

Kwanza tumtendee haki huyo kijana. Bwana wa mezani alikosea, wala Sheria haimwungi mkono. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 haimwondolei uraia mtoto aliyezaliwa katika nchi hii na mama raia ati kwa sababu baba yake ni mgeni. Hata mtoto wetu aliyezaliwa ng'ambo hupata uraia wa kurithi kwa baba au kwa mama aliye raia wa kuzaliwa. Zamani haikuwa hivyo. Kwa sheria ya kale, mtoto aliyezaliwa nje ya nchi alirithi uraia kwa baba peke yake. Mwaka 1995 tulijisahihisha, na tulifanya vema.

Lakini tulijisahihisha nusu. Katika Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 11 kinasema kwamba mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania ana haki ya kupewa uraia wa tajnisi akiomba, wakati wowote mumewe akiwa hai. Angalia neno hilo: mwanamke. Mwanamume aliyemwoa raia hakutajwa. Yeye aende akapange foleni pamoja na wageni wote wasio na mke wala mtoto hapa.

Na foleni hiyo si fupi. Mwombaji wa kawaida lazima awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba. Tena katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo lazima awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua 7. Lazima ajue Kiswahili au Kiingereza, awe mtu wa tabia njema, aonyeshe mchango wake katika maendeleo ya Taifa, na awe na nia ya kuendelea kuishi hapa. Akikwisha timiza yote hayo, Waziri anaweza kumkatalia bila kulazimika kutoa sababu, na uamuzi wake ndio wa mwisho.

Sisi hatupingi masharti. Nchi isiyo na masharti ni shamba lisilo na ua. Lakini mtazame yule fundi wetu. Kiswahili anakijua, hata Kingoni anakijua. Tabia yake mtaa mzima utaisimamia. Mchango wake tunaukalia shuleni na kulazwa ndani yake siku ya mwisho. Kinachomshinda ni karatasi. Hatusemi uongo: wenzake waliporudi, yeye alibaki bila hati, kwa kuwa aliamini kwamba nyumba ya mkewe ndiyo hati. Leo akitaka miaka yake ihesabiwe lazima awe na hati ya ukaazi. Hati hiyo ni ya muda, ikiisha huombwa upya, na ada za wageni huhesabiwa kwa dola. Seremala wa Songea azipate wapi dola? Basi miaka yote aliyoishi kwetu ni kama hakuishi.

Tena Sheria yetu haina mlango wa ukaazi wa kudumu kwa mzazi wa raia. Watoto wake ni wenye nchi, mkewe ni mwenye nchi, yeye peke yake ndani ya nyumba yake ni mgeni. Usiku mlango ukigongwa, watoto hawashtuki. Anayeshtuka ni baba.

WAZAZI WETU WALIO NG'AMBO

Wapo watakaosema: hivyo ndivyo dunia ilivyo. Sivyo, ndugu. Vijana wetu walioko ng'ambo wanaijua habari hii vizuri. Mtanzania aliyezaa mtoto raia wa Uingereza, naye anashiriki kweli katika kumlea, anaweza kuomba ruhusa ya kukaa kwa sababu ya uzazi wake. Akitimiza masharti, baada ya miaka 5 anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Marekani ina ukali wake, maana mtoto raia hawezi kumwombea mzazi wake mpaka afikishe miaka 21. Lakini mlango upo, na hauulizi kama mzazi ni baba au mama. Mume na mke wa raia wa Marekani hupimwa kwa kipimo kimoja.

Wakoloni wale wale waliotutawala, leo mtoto wetu akienda kwao kuoa na kuzaa, wana njia ya kumwandika, ijapokuwa kwa masharti magumu na ada nzito. Sisi tuliopigania usawa wa binadamu hatuna njia ya kumwandika baba wa wajukuu zetu. Hii ni aibu!

Tusiende mbali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba mtu aliyefunga ndoa na raia kwa miaka isiyopungua 7 ana haki ya kuomba kuandikishwa uraia, awe mume au awe mke. Uganda nako Katiba haimbagui mume na mke katika jambo hili. Na ng'ambo ya mto wetu wenyewe, Katiba ya Msumbiji ya mwaka 2004 iliwaweka sawa mume mgeni na mke mgeni, baada ya ndoa ya miaka 5. Maana yake ni nini? Kijana wa Songea akivuka Mkenda akaoa binti wa Niassa, binti yule ana haki ya kumfanya mumewe Mmsumbiji. Kijana wa Niassa akivuka kuja huku akaoa binti wa Songea, binti yetu hana haki hiyo. Mto ni mmoja, ndoa ni moja, lakini binti yetu ndiye aliyepungukiwa.

Huko Botswana, mwanamama mwanasheria, Unity Dow, aliolewa na Mmarekani, na watoto wake wakanyimwa uraia wa nchi ya mama yao ingawa walizaliwa humo. Hakulia chumbani. Aliishtaki Serikali yake mahakamani, na mwaka 1992 Mahakama ya Rufani ikamtetea: sheria isiyomhesabu mama haiwezi kukaa pamoja na Katiba inayosema watu ni sawa. Katiba yetu nayo, katika ibara ya 13, inasema watu wote ni sawa mbele ya sheria. Mwaka 1985 tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa kila aina ya ubaguzi dhidi ya wanawake. Tuliridhia ili iwe nini? Ili karatasi ipambe kabati?

NANI SI MGENI SONGEA?

Wapo wenye kasumba watakaosema: damu ya mgeni ni damu ya mgeni. Hao tunawaomba waketi chini, tuwakumbushe habari za hapa hapa.

Wangoni walitoka wapi? Walitoka kusini ya mbali, wakavuka Zambezi mwaka 1835, wakatembea miaka mingi, na wengine wakafika katika nchi hii ya Songea wakawakuta wenyeji. Wakaoa humo, wakazaa humo, wakachanganyika hata leo huwezi kupambanua. Tarehe 27 Februari 1906, Wajerumani walipowanyonga wazee wetu hapa mjini kwa ajili ya vita vya Majimaji, je, kuna aliyeuliza babu yake nani alivuka mto gani? Walikufa kwa ajili ya nchi hii, na kila mwaka tunakwenda kuwakumbuka. Wajukuu wa waliohama ndio leo wanaowaambia wengine, "Ninyi ni wahamiaji!"

Na mpaka wenyewe wa Ruvuma ni wa nani? Waliouchora ni Wajerumani na Wareno. Wayao wako pande zote mbili. Wamakonde wako pande zote mbili. Wanyasa wanauziana samaki pande zote za ziwa. Tunauheshimu mpaka, maana Serikali ni Serikali. Lakini kuuheshimu mpaka si kuuabudu.

Msumbiji walipoinua silaha dhidi ya Mreno tarehe 25 Septemba 1964, sisi wa kusini ndio tuliokuwa mlango. Wakimbizi walikaa Muhukuru, tukagawana nao mahindi. Mabomu ya Mreno hayakuchagua huyu raia na huyu mkimbizi. Baadaye, katika vita vya Renamo, askari wetu wenyewe walivuka kwenda kuwasaidia ndugu zetu, na mashujaa waliokufa wamelala Naliendele, Mtwara. Damu yetu ilistahili kumwagika kwao, lakini mkwe wao hastahili kuandikwa kwetu?

Tena tukumbuke mwezi Oktoba 1961, katika Baraza letu la kutunga sheria, muda mfupi kabla ya Uhuru. Wapo waliotaka uraia wa Tanganyika upimwe kwa rangi ya ngozi. Mwalimu Nyerere alisimama akawakatalia kata kata, akasema wazi kwamba jambo hili likishindwa Serikali yake itajiuzulu. Uraia ukawekwa juu ya utii kwa nchi, wala si juu ya rangi. Huo ndio msingi tuliojengea nyumba. Na mwaka 2014 nchi hii ilikabidhi uraia kwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na watoto wao, watu wapatao 162,000. Dunia ilishangaa. Nchi iliyoweza kufanya jambo kubwa namna hiyo inashindwaje na waume wa binti zake?

MAJIBU KWA WAPINZANI

Sasa tuwajibu wapinzani mmoja mmoja, maana hatupendi kujificha.

Wa kwanza wanasema: "Watachukua ardhi." Ardhi ya nchi hii ni ya umma, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi mgeni ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Mkwe wetu akiwa raia hatapewa ekari hata moja ya bure. Ataomba kijijini kama wewe, na kijiji kitamjibu kama kinavyokujibu wewe. Leo analima shamba la mkewe, gunia la mahindi liko sokoni unalila. Mbona hilo halikukera? Na wake wa kigeni wangapi wamekwisha pewa uraia? Ardhi imekwisha?

Wa pili wanasema: "Wataoa kwa hila ili wapate karatasi." Hila zipo, hatukatai. Lakini je, hila ni ya wanaume tu? Kama mwanamke hatiliwi shaka hiyo, kwa nini mwanamume atiliwe? Dawa ya hila ni muda na ushahidi. Wekeni miaka ya ndoa, waiteni majirani, waiteni wazee wa mtaa. Ndoa ya uongo haivumilii miaka 7 ya njaa na maradhi ya watoto.

Wa tatu wanasema: "Mila yetu, mke humfuata mume." Mila ya nani? Nendeni Tunduru mkawaulize Wayao. Nendeni Newala mkawaulize Wamakonde. Kwao tangu kale mume ndiye aliyekwenda kukaa kwa wakweze, na watoto walihesabiwa kwa upande wa mama. Mwenye kusema mila ya Mwafrika ni baba peke yake hajui nusu ya Kusini. Kanuni hiyo ya kumfuatisha mke uraia wa mume ilikuwamo katika vitabu vya sheria vya Ulaya, nao wenyewe wamekwisha itupa. Sisi tumebaki tunaivaa kama koti kuukuu la bwana.

Wa nne wanasema: "Usalama wa nchi." Hili ni neno zito, nasi hatulichezei. Tangu Oktoba 2017 watu wabaya wanachinja watu Cabo Delgado, na Oktoba 2020 waliwashambulia ndugu zetu wa Kitaya, Mtwara. Lakini fikiri vizuri: yupi wa kuogopwa, mtu aliyeandikwa, aliyekula kiapo, anayejulikana nyumba yake na watoto wake, au mtu anayelazimishwa kujificha kila aonapo gari la Serikali? Ukimwandika mkwe wako umempata mlinzi wa mpaka. Ukimfukuza umempoteza yeye, na mioyo ya watoto wake pia.

Na tusisahau ya mwaka 2013, wakati wa operesheni ya kuwaondoa wahamiaji katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka, na miongoni mwao walikuwamo waume walioacha wake raia na watoto raia. Mama zetu wale walifanya kosa gani? Walipenda.

Kenya wenzetu walikuwa na Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji na huku kwetu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Walikaa miaka na miaka bila kitambulisho. Mwaka 2016 walikwenda kwa miguu mpaka Nairobi, wakadai, wakapewa. Je, tunangoja wakwe zetu nao waende Dodoma kwa miguu?

TUNATAKA NINI?

Hatupigi kelele za bure. Tunataka mambo manne.

Kwanza, Bunge lirekebishe kifungu cha 11 cha Sheria ya Uraia, neno "mwanamke" liwe "mtu", ili mume wa raia na mke wa raia wasimame mahali pamoja, kwa masharti yale yale na miaka ile ile ya ndoa.

Pili, mzazi wa mtoto raia, anayeishi na mtoto huyo na kumlea, apewe ukaazi wa kudumu kwa ada ambayo fundi na mkulima wanaweza kuilipa kwa shilingi.

Tatu, kwa watu waliokwisha kaa miongo kadhaa mikoa ya mpakani, ushahidi wa Serikali ya kijiji au mtaa ukubaliwe kuhesabu miaka yao. Mwenyekiti wa mtaa anamjua mtu kuliko muhuri.

Nne, ofisi zote ziagizwe kwa maandishi kwamba mtoto wa mama raia asiulizwe habari za baba kana kwamba mama yake hayupo.

Ndugu wanachama, jambo hili halitafanywa na mtu wa mbali. Lisemeni katika mikutano ya tawi. Mwulizeni Mbunge wenu anapokuja kutafuta kura: wewe, katika jambo la mkwe wetu, uko upande gani? Asijibu kwa tabasamu, ajibu kwa maneno. Na akina mama, ninyi ndio wenye shauri hili. Mlipotwanga mahindi ya wapigania uhuru hamkuambiwa kwamba uhuru mnaoutwangia ni wa wanaume.

Yule fundi wetu tulipomwambia kwamba tunaandika habari hii, alicheka kidogo, akasema, "Ndugu yangu, mimi sitaki cheo wala shamba. Nataka siku nikifa, mwanangu akiulizwa baba yako alikuwa nani, ajibu bila kutazama nyuma."

Hilo si ombi kubwa. Mtu aliyetuchongea milango yote hii, sisi tumfungulie mmoja.